Kijaluba cha Mama Mkwe

Mimi si mtu wa kushukuru haraka. Watu wa Isevya watakuambia kwamba Yahaya fundi betri akipewa chai, huuliza sukari iko wapi kabla hajasema ahsante. Lakini mambo ya mwaka wa sabini na nne nitayasema kwa shukrani, tena hadharani, maana huu mkono wa kulia ninaokunia kichwa leo haukurudi kwa akili zangu. Akili zangu ndizo zilizouangusha.

Ulianguka siku ya Ijumaa, msikitini. Imamu alikabiri, Allahu Akbar, nami nikainua mikono kama kila mtu. Wa kushoto ukasimama vizuri, kiganja mbele. Wa kulia ukapanda mpaka usawa wa sikio, lakini kiganja kikaning'inia chini kama shingo ya kuku aliyechinjwa. Nikakiamuru kiinuke. Wapi! Baada ya salamu jirani yangu Abbasi akaninong'oneza kwa hasira, "Yahaya, swala nayo unaifanyia mzaha?" Nikamwonyesha mkono. Nilijaribu kukunja ngumi mbele yake, nikashindwa, na hasira yote ikamtoka.

Kazi yangu ilikuwa kufufua betri. Miaka ile betri mpya haikuonekana, na malori ya kubebea tumbaku, pamba na watu waliohamishiwa vijiji vya ujamaa yote yaliletwa kwangu yakiwa hoi. Nilivunja betri mbovu tatu, nikayeyusha risasi yake, yale madini laini ya kijivu, nikaimimina upya, nikaunga, na lori likawaka. Hata lori lililomhamisha mama mkwe wangu kwenda kijiji kipya karibu na Tura liliwaka kwa betri yangu, na sikuchoka kumkumbusha mke wangu Maua jambo hilo. Sasa fikiria fundi wa namna hiyo asiyeweza kushika hata koleo. Nina watoto wanne, na mkono ule ndio uliokuwa shamba letu.

Aliyenifundisha kazi, marehemu Fundi Silasi, aliniachia sheria mbili. Ya kwanza, ukitoka kwenye moto usiguse maji mpaka mwili upoe kabisa, la sivyo baridi itakuingia mifupani uwe kiwete. Ya pili, moshi wa risasi huacha utamu ulimini, na utamu ule si mzuri, kwa hiyo ukate upesi kwa moshi wa tumbaku. Basi kwa miaka kumi na minane nilimaliza kumimina, nikasokota sigara kwa vidole vyeusi vilevile, nikavuta. Utamu ukatoka. Nilijiona mtu wa tahadhari kuliko mafundi wote wa Tabora.

Hospitalini nilipokewa na Dakta Limbu, kijana wa Nzega aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Dar es Salaam.

"Fungua mdomo, mzee," akasema.

"Dakta, ninaumwa mkono."

"Nimeuona. Fungua mdomo."

Akanishikia kioo. Kwenye fizi, pale jino linapotokea, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu, kana kwamba mtu amenichora kwa kalamu ya wino. Akaniuliza kazi yangu, nikamweleza, na zile sheria mbili nikamweleza, nikitarajia anisifu. Akaweka kalamu chini.

"Mzee Yahaya, mwili wako umejaa risasi. Moshi wake umeuvuta, hilo ni moja. Lakini hiyo sigara baada ya kazi, kwa mikono isiyonawa, ndiyo iliyokuwa ikikulisha. Umekula risasi kidogo kidogo kwa miaka kumi na minane."

Alipiga simu ya maandishi Dar es Salaam, na baada ya siku nne treni ikaleta boksi lenye vichupa kumi na viwili. Ilikuwa dawa ya kuishika risasi mwilini na kuitoa kwa mkojo, nayo imechanganywa na mafuta ya karanga. Sisi watu wa Tabora tunazijua karanga, lakini karanga za matakoni zilikuwa jambo jipya. Sindano moja kila asubuhi. Iliuma mpaka nikawa nasoma dua za safari.

"Hivi ndivyo vilivyopatikana," Dakta Limbu akaniambia. "Vingine sijui vitakuja lini. Nikikukuta na sigara nitasimamisha, nimpe mgonjwa anayetaka kupona. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Maneno yangu nayajua, hayanigharimu kitu.

Wodi yetu ilikuwa chini ya Sista Pelagia, mwanamke mwembamba wa Igunga ambaye hakucheka mpaka kazi iishe, na kazi haikuisha. Siku ya kwanza alinikata kucha akanisugua mikono kwa brashi na sabuni mpaka kwenye viwiko, huku mimi nikimwonya kuhusu baridi ya mifupani. "Hii baridi yako nitaijibu mimi kwa Mungu," akasema, akaendelea kusugua. Maji yakawa ya kijivu. Nililala na mikono ya mtoto mchanga.

Baada ya sindano ya tano kidole cha shahada kikaanza kutikisika. Nililia, sioni haya kusema. Maua alikuwepo, akakibusu kile kidole mbele ya wodi nzima.

Maua siku zile alikuwa amegawanyika. Leo analeta uji kwangu, kesho anapanda treni kwenda Tura, maana mama yake, Bi Mwanajuma, alikuwa mgonjwa mwaka wa pili sasa. Tumbo lilimsokota, chakula hakikupita, mikono ilimtetemeka. Kijijini walishaamua kwamba amelogwa na jirani mmoja waliyehamishwa naye, na yule jirani, mama wa watu, hakuwa na raha tena hata ya kuchota maji.

Mimi kumtembelea mgonjwa sikuweza hivi hivi. Kwa Wanyamwezi wa kizazi chake, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Nikikutana naye njiani mimi ndiye ninayeingia majanini ili apite. Kitu chake sikigusi, mbele yake sili. Tena tangu mwanzo hakunitaka. Alisema mwanawe anaolewa na kucha nyeusi. Ila kitu kimoja changu alikisifu, na nitakuja kukisema.

Sasa, sigara. Nilivuta, ndiyo. Siku ya tatu tu ya sindano nilimlilia Maua akaniletea tumbaku, kaificha chini ya bakuli la wali. Nilikwenda nyuma ya jiko la hospitali, penye kuni, nikasokota kwa mkono wa kushoto na meno, nikavuta macho yakiwa mlangoni. Nilikuwa na hoja yangu: Dakta amesema ubaya ni mikono isiyonawa. Mikono yangu sasa imenawa kuliko ya mfalme. Basi ubaya uko wapi?

Tumbaku ilikaa ndani ya kijaluba changu. Hicho nilikitengeneza mwenyewe kwa bati, kifuniko kinafunga tii. Ndani nilikitia bitana ya risasi niliyoigonga ikawa nyembamba kama jani, kwa sababu kiangazi cha kwetu hukausha tumbaku ikawa vumbi, lakini ndani ya risasi hukaa laini mwezi mzima. Wajuzi wa tumbaku kutoka Urambo walikishika wakatikisa vichwa. Ilikuwa kazi safi.

Kuanzia sindano ya sita kidole kiligoma. Sindano ya saba, kimya. Bwana Wenceslaus wa maabara, aliyetazama damu yangu kwa darubini, akasema vidoadoa alivyoviona kwenye damu vilikuwa vimepungua, sasa vimeongezeka. Dakta Limbu akakuna kidevu. Sista Pelagia hakukuna kitu. Alinisogelea, akanusa shati langu, akaondoka.

Asubuhi ileile alinikuta kwenye kuni. Nilikuwa nimekalia kijaluba, na mtu wa miaka arobaini na sita aliyekalia kitu anajulikana tu.

"Simama, mzee."

Nikasimama. Akakiokota, akakifungua, akamwaga tumbaku yote chini bila huruma. Kisha akapitisha ukucha ndani. Ukucha ukaacha mstari unaong'aa. Pembeni palikuwa na unga mweupe niliokuwa nikiuona siku zote na kuudhani ni ukungu wa tumbaku.

"Hii bitana ni ya nini?"

"Ya kutunzia tumbaku isikauke, Sista."

"Sijauliza kazi yake. Ni ya kitu gani?"

Nikautazama ule unga mweupe. Miaka kumi na minane ninaijua risasi ikiiva, ikipoa, ikioza. Najua inavyotoa unga ikilowa. Na nilikuwa nimeusokota unga ule ndani ya karatasi na kuuvuta, kila siku, ndani ya hospitali, huku serikali ikinichoma sindano za kuutoa.

"Tunatoa kwa mlango wa nyuma, unaingiza kwa mlango wa mbele," akasema Sista Pelagia. Sauti haikuwa ya ukali tena, ilikuwa ya uchovu. "Vimebaki vichupa vitano. Dakta akijua, hupati hata kimoja. Sitamwambia, kwa sababu nimekisugua kile kidole kwa mikono yangu na nataka kiinuke. Lakini uniapie hapa kwamba umeacha."

Nikaapa. Na safari hii sikuwa naongopa. Akatia kijaluba mfukoni mwa gauni lake, akaanza kuondoka, kisha akageuka.

"Uliwahi kutengeneza kingine?"

Hapo nikarudi kukaa juu ya kuni.

Hicho kingine ndicho kile kitu alichokisifu mama mkwe. Bi Mwanajuma hunusa ugoro, tangu ujana wake. Alijifunza kwa babu yake, pagazi aliyebeba mizigo ya misafara katika njia hiyohiyo ya Tura. Sikukuu ya mwaka wa sabini na mbili nilimtengenezea kijaluba cha ugoro, kikubwa kuliko changu, kina nakshi ya ua kwenye kifuniko, nikampelekea kwa mkono wa Maua. Alituma neno: mwambieni mkwe nimeona. Kwa Bi Mwanajuma hiyo ni hotuba nzima. Na alianza kuumwa tumbo mwaka uleule.

Maua alipofika na uji nikamweleza yote. Alisimama na lile bakuli mkononi mpaka uji ukapoa.

"Nenda ukakichukue leo," nikasema.

"Nikakichukue? Baba Saidi, zawadi aliyopewa mama mkwe hairudishwi. Nikienda kuidai, ataona unanirudisha nyumbani. Na nikimwambia sababu..." Akashusha sauti. "Kijiji kizima kinatafuta aliyemlisha sumu. Nikawaambie ni mume wangu?"

Nilijua anasema kweli. Njia ya kimya ilikuwepo: Maua akipoteze kile kijaluba kisirisiri, aseme kimeanguka kisimani. Mama mkwe angeacha kula risasi, mimi ningepata vichupa vyangu vitano, mkono ungeinuka. Lakini risasi iliyokwisha kumwingia ingetolewa na nani? Nilikaa na jambo hilo saa nzima, na sijivunii ile saa. Niliutazama mkono wangu sana. Nilifikiria koleo, nikafikiria Saidi na wenzake watatu. Kisha nikafikiria mama mzee anayeshikilia tumbo gizani, akimtuhumu jirani, na huku anaufungua wema wangu kila siku na kuunusa.

Nikainuka nikaenda kugonga mlango wa Dakta Limbu. Nikamwambia nimevuta, nimevuta siku tano, na sababu ya kidole kukataa ni hiyo. Sista Pelagia sikumtaja. Nikamwambia na habari ya Tura.

Alikasirika mpaka akaongea Kisukuma. Alipomaliza, akaketi.

"Vichupa ni vitano, mzee."

"Najua. Vyote vyake."

"Mkono wako unaweza kubaki hivyohivyo."

"Najua, Dakta. Usinirudishie tena, nitabadili mawazo."

Maua alimleta mama yake kwa treni ya kesho yake. Walimlaza wodi ya wanawake, na Sista Pelagia ndiye aliyemfungua mdomo, maana mimi hata kumtazama kidevu sikustahili. Alitoka akaniambia kwa kifupi, "Mstari upo. Mzito kuliko wako."

Nikaenda nikasimama nje ya dirisha lake, barazani, uso ukutani, mgongo kwake. Ndani nilisikia akijifunika khanga.

"Shikamoo, mayu," nikasema, maana kwa lugha yake mama ni mayu.

"Marahaba, mkwe."

Nikaueleza ule ukuta kila kitu. Kazi yangu, bitana, unga mweupe, tumbo lake. Nikasema jirani yake hana hatia, mwenye hatia ni mimi, na kama anataka mwanawe arudi Tura sitamzuia. Ndani nikasikia kitanda kikilia.

"Bitana uliweka ngapi?" akauliza.

"Mbili, mayu. Nilitaka ugoro wako usikauke kabisa."

"Na kwenye chako?"

"Moja."

Kisha akaanza kucheka, kicheko kidogo cha mgonjwa, kinachoumia njiani.

"Kwa hiyo sumu yenyewe na wewe umeila, ila mimi ukanizidishia kwa kunitukuza. Nenda kalale, baba. Mtu wa kuniua hawezi kuwa mjinga kiasi hiki."

Nimeitwa majina mengi maishani, lakini hakuna neno lililonipoza moyo kama lile. Nilirudi kitandani nikalala mchana kutwa.

Sindano tano zilimfaa. Siku ya sita alikula ugali ukapita, na wodi ya wanawake ikapiga vigelegele kwa jambo ambalo kwa kawaida halipigiwi vigelegele. Mstari wa buluu haukufutika mara moja, lakini mikono ilitulia. Alituma mtu Tura kumwomba radhi jirani yake, na baadaye akaenda mwenyewe na debe la mpunga kurudia kuomba.

Mimi niliruhusiwa na mkono ukiwa unaning'inia. Dakta Limbu alisema bila sigara na bila moto wa risasi mwili unaweza kujisafisha polepole, ila mkono uinuliwe, ukandwe, usiachwe ulale. Sista Pelagia akanifunga kibao chini ya kiganja, akamwonyesha Maua namna ya kukanda asubuhi na jioni. Lakini Maua sasa ndiye aliyekuwa akitoka alfajiri kwenda kulima. Asubuhi ya kwanza nyumbani nilikuwa nimekaa ukumbini peke yangu na kibao changu, ndipo Bi Mwanajuma, ambaye tulimhifadhi apate nguvu, akatoka chumbani na kichupa cha samli. Nikaruka nitoke nje.

"Kaa. Lete mkono," akasema.

"Mayu, haifai."

"Kipi tena kisichofaa? Lete."

Hakunitazama. Alitandika khanga juu ya mkono wangu ili ngozi yake isiguse yangu, akanikanda juu ya khanga, samli ikalowesha kitambaa chote. Akanyanyua kiganja, akakishikilia juu, akahesabu kimoyomoyo, akakishusha. Akanyanyua tena. Majirani walisikia, wakasema mengi. Abbasi alikuja kuuliza kama ni kweli, akamkuta amenishika mkono, akageuka na kurudi kwake. Mwezi wa pili wa kunikanda khanga ilichakaa kwa samli, ikatupwa, na hakuna aliyeleta nyingine. Alinikanda hivyohivyo, kiganja kwa kiganja, macho yake mlangoni na yangu sakafuni. Nikamshukuru siku moja, kwa lugha yake, "Wabeja, mayu." Akajibu kwamba nisiongee, nampotezea hesabu.

Sigara sikuigusa tena. Betri nazo niliziacha, nikajifunza useremala kwa mkono uliokuwa unajifunza kushika. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kijaluba cha ugoro cha mti wa mninga, mbao tupu, bila bitana. Kifuniko kilikaa upande. Ile nakshi ya ua ilitoka kama alama ya kwato la mbuzi. Nilimwekea karibu na mkeka wake nikaondoka, na jioni nikamkuta amekifunga kwenye pindo la khanga.

Mwaka ule Ramadhani iliingia mwezi wa tisa. Bi Mwanajuma alifunga mwezi mzima bila ugoro, na nyumba nzima ilijuta. Asubuhi ya Idi tulikwenda kuswali uwanjani, wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia la mashuka. Imamu akakabiri. Nikainua mikono, na kama kila siku tangu ile Ijumaa, nikaogopa kutazama. Kisha nikatazama. Wa kushoto ulisimama. Wa kulia ulichelewa kidogo, ukatetemeka, ukasimama. Haukunyooka kama wa wenzangu, na mpaka leo haujanyooka, lakini kiganja kilitazama mbele.

Nyuma ya pazia, katikati ya ule ukimya, mtu mmoja akapiga chafya tatu kubwa za ugoro. Nilizijua. Nikasahau nilichokuwa nakisoma, nikaanza upya, nikashukuru.